Gari Limeuzwa, Jina Limebaki

Katika biashara ya magari yaliyotumika jijini Nairobi, iwe ni kwenye yadi zilizopangana kando ya Ngong Road au baina ya majirani wawili wa Lavington walioafikiana bei langoni, malipo na kukabidhiana funguo huhesabiwa kuwa mwisho wa mauzo, ilhali kwa mujibu wa sheria ya Kenya kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, yaani Sura ya 403, kinamchukulia mtu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kifungu cha 9 kinamtaka muuzaji amwarifu msajili katika muda wa siku 7, huku kikikataza gari kutumiwa barabarani kwa zaidi ya siku 14 kabla mmiliki mpya hajasajiliwa.

Maneno hayo, "mpaka ithibitishwe vinginevyo", ndiyo yenye uzito. Gari ambalo halijahamishwa likimgonga mtu kwenye Waiyaki Way, wakili wa majeruhi huomba nakala ya rekodi, ambayo ni hati ya msajili inayomtaja mmiliki, kisha humshtaki yule anayemkuta humo. Mwaka 2005, katika kesi ya Securicor Kenya dhidi ya Kyumba Holdings, Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba usajili si ushahidi wa mwisho na kwamba aliyeuza anaweza kuonyesha kuwa gari lilikwisha kumtoka mikononi. Uamuzi huo humfaa muuzaji aliyetunza karatasi zake, ila haumzuii mtu kushtakiwa wala haumrudishii siku anazopoteza mahakamani Milimani.

Ndiyo maana mkataba wa mauzo, ambao mawakili wengi wa katikati ya jiji huuandika kwa ukurasa mmoja au miwili, haupaswi kuachiwa dalali. Humo huandikwa majina ya pande zote mbili, nambari za vitambulisho na PIN za KRA, nambari ya usajili, ya chesisi na ya injini, kiasi kilicholipwa na kilichobaki, pamoja na tarehe na saa ya makabidhiano. Saa hupuuzwa mno, ingawa ajali ikitokea jioni ya siku ileile ya mauzo, hiyo ndiyo itakayoonyesha gari lilikuwa mikononi mwa nani.

Kuhusu uhamisho wenyewe, zamani muuzaji alitia sahihi Fomu C, yaani fomu ya kuhamisha umiliki, akaacha nafasi ya mnunuzi wazi, na gari likapita kwa madalali kadhaa bila yeyote kati yao kuonekana kwenye rekodi. Sasa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) hupokea maombi kupitia akaunti za eCitizen: muuzaji huanzisha uhamisho, naye mnunuzi huukubali katika akaunti yake mwenyewe. Tabia ya zamani, hata hivyo, haijafa, kwani wapo wanaokaa miezi na gari "wakitafuta mnunuzi mwingine" ili wakwepe ada.

Mnunuzi naye ana lake la kuchunguza. Nakala ya rekodi humwonyesha kama jina la benki limeandikwa sambamba na la muuzaji, ishara kwamba gari ni dhamana ya mkopo na haliwezi kuhamishwa kabla benki haijajiondoa. Tangu Sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali zinazohamishika, ipo pia sajili ambamo wakopeshaji huandikisha haki zao, nayo inafaa kupekuliwa, hasa kwa kuwa mikopo ya logibuku, yaani inayodhaminiwa kwa hati ya usajili wa gari, imeenea. Nambari ya chesisi isomwe kwenye bodi lenyewe, boneti ikiwa wazi, si kwenye karatasi pekee.

Linalobaki ni la kuaminiana: muuzaji hataki kuhamisha jina kabla ya kulipwa, na mnunuzi hataki kulipa kabla ya jina kuhama. Njia salama zaidi, japo ina ada yake, ni fedha kushikwa na wakili na kuachiliwa uhamisho unapokamilika. Tofauti na jina, bima haihami pamoja na gari. Muuzaji huiandikia kampuni yake kuifuta na kudai sehemu ya malipo ambayo muda wake haujaisha, naye mnunuzi huchukua yake kabla ya kuwasha injini, kwa kuwa Sura ya 405, yaani sheria ya bima ya magari, inamfanya mkosaji yeyote anayeendesha barabarani bila bima ya mtu wa tatu.