Ndoo, jembe na kasia: Jinsi mkao wa mwili unavyozua maumivu ya shingo na mgongo

KATIKA Lundo na vijiji vingine vya mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, mchana huanza kabla jua halijachomoza juu ya milima ya Umatengo. Wavuvi wa dagaa waliokesha ziwani hurejea wakipiga makasia, wanawake hutoka majini wakiwa na ndoo vichwani, na wengine hushika njia ya mashamba ya mihogo wakiwa na majembe mabegani.

Kazi hizo tatu zina jambo moja linalozifananisha. Kila moja huulazimisha mwili kushika mkao wa aina moja kwa muda mrefu, na mara nyingi huku ukiwa umebeba au unavuta mzigo. Baada ya miaka kadhaa wengi huanza kulalamikia shingo, mabega au kiuno, na jibu wanalopewa nyumbani huwa ni la mkato: ni uzee, au ni uchovu tu.

Jibu hilo lina ukweli kidogo na hatari kubwa. Yapo maumivu yanayotokana na jinsi mtu anavyouweka mwili wake kazini, nayo yanaweza kupunguzwa. Lakini pia yapo maradhi yanayojificha nyuma ya maumivu hayo hayo, na katika ukanda wa ziwa mawili kati yake yanaweza kumwacha mgonjwa akiwa amepooza.

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili 33, saba kati yake zikiwa za shingo. Baina ya pingili nyingi za shingo, kifua na kiuno kuna visahani vya gegedu vinavyofanya kazi ya kupokea mtikisiko, mithili ya mpira wa gari. Juu ya mnara huo kimewekwa kichwa, ambacho kwa mtu mzima huwa na uzito wa takriban kilo tano. Kichwa kikiwa wima juu ya mabega, mifupa ndiyo inayoubeba uzito huo. Kikiinamishwa mbele, misuli ya nyuma ya shingo hulazimika kukishikilia kisianguke, na ndiyo maana mtu aliyekesha ameinamia nyavu huamka na shingo ngumu kama mti.

Daktari mmoja wa upasuaji wa uti wa mgongo nchini Marekani, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu kwa kutumia kompyuta mwaka 2014 na kukadiria kwamba kichwa kikiinamishwa nyuzi 60, nguvu inayoielemea shingo hufikia kilo 27. Takwimu hiyo ilienea duniani kote kama onyo kwa watumiaji wa simu za mkononi. Hata hivyo, hesabu ya nguvu si sawa na kipimo cha ugonjwa. Utafiti uliofanywa kwa vijana 150 wa Rio de Janeiro, Brazil, na kuchapishwa mwaka 2018 haukuona uhusiano kati ya kuinamia simu na maumivu ya shingo. Mzazi anayemlaumu mwanawe kwa simu kila anaposema shingo inamuuma huenda anamwonea.

Mzigo wa kichwani ni habari nyingine, na hapa Afrika Mashariki ina historia yake katika sayansi. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya Profesa Geoffrey Maloiy na wenzake waliowapima wanawake wa Kiluo na Kikikuyu nchini Kenya. Waluo walibeba mzigo utosini, Wakikuyu kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso. Ilionekana kwamba wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada ikilinganishwa na kutembea mikono mitupu. Mwaka 1995 utafiti mwingine ulieleza siri yake: mwendo wao, unaofanana na kuyumba kwa timazi, huokoa nguvu ambayo mtu asiyezoea huipoteza katika kila hatua.

Sifa hiyo imerudiwa mara nyingi mno, pengine kuliko inavyostahili. Asilimia 20 ya mwanamke mwenye kilo 55 ni kilo 11. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 za maji peke yake, yaani zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Kiwango cha bure kimekwisha kupitwa kabla hajapiga hatua ya kwanza. Watafiti waliowapima wanawake wa Kixhosa nchini Afrika Kusini mwaka 2010 hawakuona unafuu huo wa jumla, na wengi wa wanawake hao walisema kuwa shingo zinawauma.

Madaktari walikwisha kuliona tatizo hilo zamani. Mwaka 1968, daktari L. F. Levy aliyefanya kazi Salisbury, ambayo leo ni Harare, aliandika katika jarida la madaktari la Uingereza kuhusu kile alichokiita shingo ya mpagazi. Mzigo mzito wa kichwani, hasa unapoteleza au mbebaji anapojikwaa, unaweza kuzijeruhi pingili za shingo na hata uti wenyewe. Ni ajali ya nadra, lakini njia ya mchanga na mawe itokayo ziwani haisamehe mguu unaoteleza.

Kwa hiyo kichwa kilichonyooka chini ya ndoo, mkao ambao kila mwalimu wa usawa wa mwili angeusifu, si kinga. Kinachoumiza ni uzito, na idadi ya safari.

Sehemu ya hatari zaidi ya safari ya maji, kwa kweli, si njiani bali ni wakati wa kujitwika na kutua. Hans-Joachim Wilke na wenzake katika mji wa Ulm, Ujerumani, walipandikiza kipimo ndani ya kisahani cha kiuno cha mtu mmoja aliyejitolea, wakachapisha matokeo mwaka 1999. Alipokuwa amesimama tu, shinikizo lilikuwa megapaskali 0.5. Alipoinua mzigo wa kilo 20 kwa kuupinda mgongo, lilipanda hadi 2.3. Alipokunja magoti na kuinua mzigo ule ule, likawa 1.7. Alipoushika karibu na mwili akiwa amesimama wima, lilikuwa 1.1, na alipousogeza sentimita 60 mbele ya kifua, likapanda tena hadi 1.8.

Alipimwa mtu mmoja tu, naye Mjerumani, lakini mzigo wake ulikuwa sawa kabisa na ndoo ya Lundo. Desturi ya wanawake kutwikana, mmoja akishika upande huu na mwenzake upande ule, ina maana kubwa kitabibu kuliko inavyodhaniwa. Binti anayetumwa ziwani peke yake hukosa msaada huo, akalazimika kuinyanyua ndoo kutoka chini hadi utosini kwa mwendo mmoja wa kujipinda.

Jembe lina hesabu yake. Mtu anapoinama kulima, zaidi ya nusu ya uzito wa mwili, yaani kichwa, mikono na kiwiliwili, huning'inia mbele ya kiuno, na misuli ya mgongo huwa kama kamba inayoizuia nguzo isianguke. Mpini ukiwa mfupi mwinamo huwa mkubwa zaidi. Juu milimani Mbinga, katika kilimo cha ngoro cha Wamatengo, wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga, kisha wanawake ndio huchimba udongo na kuufukia juu ya nyasi hizo kwenye miteremko mikali. Kilimo hicho kinasifiwa kwa kuhifadhi udongo na maji. Viuno vilivyokichimba havitajwi sana.

Kuna jambo lisilojulikana na wengi kuhusu saa za asubuhi. Usiku, mtu akiwa amelala, visahani vya uti wa mgongo hunyonya maji na kuvimba kidogo, ndiyo sababu binadamu huwa mrefu zaidi kwa sentimita moja au zaidi anapoamka. Kisahani kilichojaa maji hupata mkazo mkubwa zaidi mgongo unapokunjwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kiuno waliofundishwa kuepuka kuinama mapema asubuhi walipata nafuu. Kwa mkulima wa joto la ziwani ushauri huo ni mgumu, kwani alfajiri ndiyo saa ya ubaridi. Angalau anaweza kuanza siku kwa kutembea na kazi za kusimama, akaliacha jembe kwa nusu saa ya kwanza au zaidi.

Mvuvi naye huketi ndani ya mtumbwi mwembamba usio na mahali pa kuegemea, akizungusha kiwiliwili upande mmoja maelfu ya mara. Kubadilisha upande wa kasia, kunyoosha miguu kila inapowezekana na kuvuta nyavu kwa zamu ni mambo madogo yasiyogharimu kitu.

Zamani wataalamu waliamini kuwa upo mkao mmoja sahihi: kifua mbele, mgongo wima kama askari wa gwaride. Msimamo huo umelegea. Vipimo vile vya Ulm vilionyesha kwamba kuketi kwa kulegea hakukukiongezea kisahani mzigo kama ilivyodhaniwa tangu miaka ya 1960. Wengi sasa wanakubaliana kwamba mkao unaodhuru ni ule unaokaliwa muda mrefu bila kubadilishwa, hata ukiwa wa kupendeza machoni.

Ukubwa wa tatizo si wa Ruvuma pekee. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikadiriwa kuwa na maumivu ya kiuno, ambayo ndiyo chanzo kikuu cha ulemavu ulimwenguni. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno, likipendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi na tiba ya viungo, na likishauri dhidi ya matumizi ya kawaida ya mikanda ya kiuno na kuvutwa kwa mashine. Kulala kitandani siku nyingi nako hudhoofisha misuli ile ile inayohitajika kuubeba mgongo.

Wengi, hata hivyo, hukimbilia vidonge. Ruvuma ndiyo mkoa ambako mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulijaribiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2003, na maduka hayo yamesogeza dawa karibu na vijiji. Dawa za jamii ya diklofenaki hutuliza, lakini zikimezwa kila siku kwa miezi zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo. Anayehitaji kidonge kila asubuhi ili aweze kushika jembe anahitaji kuchunguzwa.

Na uchunguzi ndio unaookoa. Ipo kichocho, ambayo ni maradhi ya muda mrefu katika mwambao wa Ziwa Nyasa. Wengi huijua kwa damu kwenye mkojo. Wachache wanajua kwamba mayai ya minyoo yake yanaweza kufika kwenye uti wa mgongo. Mgonjwa huanza kwa maumivu ya kiuno yanayoshuka miguuni, kisha miguu hulegea na mkojo hukataa kutoka, yote katika muda wa siku au wiki chache. Kijana mvuvi mwenye dalili hizo hana tatizo la mkao. Tiba yake ni prazikwanteli pamoja na dawa za kupunguza uvimbe, na kila siku ya kuchelewa inaweza kumgharimu uwezo wa kutembea.

Ugonjwa wa pili ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, kilichoelezwa na daktari wa Uingereza Percivall Pott mwaka 1779. Vijidudu hula pingili polepole hadi zinabonyea, na mgongo hutokeza nundu. Mtoto anayeota kibiongo huambiwa akae wima, na wakati mwingine hupigwa kofi la mgongoni kwa kujikunja. Hawezi kukaa wima, kwa kuwa mfupa umekwisha kuliwa.

Dalili za kumpeleka mtu hospitali bila kungoja ni maumivu yanayozidi usiku hata akiwa amelala, homa za jioni, kukonda, nundu mpya mgongoni, ganzi sehemu za siri, miguu au mikono kuishiwa nguvu, na kushindwa kuzuia au kutoa haja. Maumivu yanayofuata kuanguka na mzigo kichwani nayo ni ya dharura, na shingo ya majeruhi huyo isinyooshwe wala kukandwa na mtu yeyote.

Kwa mkazi wa Lundo safari hiyo huanzia zahanati, huenda Hospitali ya Liuli, na ikibidi Songea. Wagonjwa wanaohitaji upasuaji wa uti wa mgongo hupelekwa mbali zaidi, mathalani Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1996. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure nchini, na kikiwa kwenye mifupa matibabu yake huweza kurefushwa kupita miezi sita ya kawaida.