Njia Isiyo na Motokari ni Dawa

Ndugu msomaji, labda unasoma maneno haya ukiwa umeketi kwenye benchi, ukingojea zamu yako ya kuonwa na munganga. Tazama wanaoketi karibu nawe. Pengine yuko mmoja mwenye mguu uliofungwa plasta, kwa kuwa aligongwa barabarani. Pengine yuko mwingine ambaye miguu yake ni mizima, lakini damu yake inapanda, au ana ugonjwa wa sukari. Huyu ameambiwa mara nyingi, "Usikae tu, tembeza mwili wako." Naye anajibu, "Nitautembeza wapi? Barabara imejaa motokari na pikipiki. Ninaogopa kufa."

Nani atamlaumu? Mwaka 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kwamba watu wapatao 1,190,000 hufa kila mwaka barabarani. Zaidi ya nusu yao ni watu wa miguu, watu wa baiskeli na watu wa pikipiki. Basi hofu ya mgonjwa huyu si upumbavu. Lakini kukaa bila kujongea nako kunaua, ijapokuwa polepole na bila kelele. Mtu huyu afanye nini?

Leo tutakupeleka mpaka mji mmoja mdogo wa Uingereza, ulio kando ya bahari, upate kuona jinsi watu wa huko walivyopata jibu.

Mji wa chaza

Mji huo unaitwa Whitstable, katika jimbo la Kent. Tangu zamani watu wake wamevua chaza, yaani mnyama wa bahari anayekaa ndani ya magamba mawili yaliyofungwa kama kitabu. Upande wa kusini, mwendo wa kilometa zipatazo 11, uko mji wa Canterbury wenye kanisa kubwa la kale. Kati ya miji hiyo miwili kuna vilima na msitu uitwao Blean.

Tarehe 3 mwezi wa tano, mwaka 1830, njia ya treni ilifunguliwa kutoka Canterbury mpaka Whitstable. Ilikuwa mojawapo ya njia za kwanza kabisa duniani zilizochukua abiria kwa nguvu ya mvuke. Ingini yake iliitwa Invicta, lakini nguvu zake hazikutosha kupanda vilima. Kwa hiyo ingini nyingine ziliwekwa juu ya vilima, zikavuta magari kwa kamba. Wenyeji waliitania njia hiyo kwa kuiita Crab and Winkle, maana yake Kaa na Konokono wa bahari.

Baada ya miaka 100 watu walianza kusafiri kwa motokari za abiria. Treni ya abiria ilikoma mwanzoni mwa mwaka 1931, na ya mizigo ikakoma mwaka 1952. Mwaka uliofuata bahari ilifurika na kuharibu njia kubwa ya treni ya pwani, hata njia hii ya zamani ikatumiwa tena kwa majuma machache. Kisha reli ziling'olewa. Miti ikaota, miiba ikafunika, na sehemu ya shimo ambalo treni ilipita chini ya kilima ikaanguka mwaka 1974.

Iliyokufa ikaamshwa

Mtu mwingine angesema, "Njia hii imekufa, tuiache." Lakini wako wenyeji walioiangalia kwa macho mengine. Walisema, "Njia hii haina motokari. Haina mteremko mkali mahali pengi, maana ilitengenezwa kwa treni. Kwa nini watoto wetu wasipite hapa kwa baiskeli?" Wakaunda chama mwaka 1997, wakaomba ruhusa kwa wenye mashamba, wakashirikiana na wakuu wa wilaya. Mwaka 1999 njia ikafunguliwa tena, si kwa treni, bali kwa watu wa miguu na wa baiskeli. Urefu wake ni kilometa 12 hivi.

Angalia jambo hili: njia mpya haikufuata ya zamani kila mahali. Palipokuwa na shimo lililoanguka, inapita juu ya kilima. Palipojengwa nyumba, inazunguka. Na katika miji yenyewe bado kuna mahali ambapo mwendesha baiskeli hukutana na motokari, naye lazima awe macho. Hata hivyo sehemu kubwa ni ya utulivu. Katikati, ndani ya msitu, kuna ziwa dogo ambalo zamani lilitoa maji kwa ingini ya kuvuta kamba. Leo watu hupumzika hapo na kula chakula chao, kisha huendelea.

Yule anayetaka kwenda mbali zaidi anaweza kugeuka upande wa mashariki kando ya bahari. Atapita mji wa Herne Bay, atafika Reculver, ambapo minara miwili ya kanisa la kale imesimama peke yake. Kanisa lenyewe lilibomolewa mwaka 1809, lakini minara iliachwa kwa sababu mabaharia waliitumia kama alama. Kutoka hapo njia inapita juu ya ukuta unaozuia bahari isiingie mashambani. Upande mmoja ni maji, upande mwingine ni majani ya ng'ombe. Hakuna motokari hata moja. Unasikia upepo na ndege tu, na mlio wa kengele ya baiskeli ikikuambia, "Nipishe kidogo, ndugu."

Kwa nini tunaiita dawa?

Kwanza, ni dawa kwa moyo. Moyo ni msuli, na kila msuli usiotumiwa hulegea. Ukiendesha baiskeli, moyo hupiga kwa nguvu kiasi, nawe unajifunza kusukuma damu bila taabu. Damu inayopanda hushuka kidogo kidogo.

Pili, ni dawa kwa mwenye ugonjwa wa sukari. Misuli ya miguu ni mikubwa. Ikifanya kazi, huchukua sukari kutoka katika damu na kuitumia, kama moto unavyotumia kuni.

Tatu, ni dawa kwa magoti ya wazee na ya watu wazito. Juu ya baiskeli, kiti kinachukua uzito wa mwili, na magoti hupumzika kuliko wakati wa kukimbia.

Waganga wa Shirika la Afya Ulimwenguni wanashauri mtu mzima ajongeze mwili kwa kiasi muda wa dakika 150 au zaidi kila juma. Maana yake ni nusu saa kwa siku tano. Mtoto anahitaji saa moja kila siku.

Lakini kwa nini njia iwe mbali na motokari? Jifunze jambo hili, umfundishe na kijana wako mwenye pikipiki: motokari ikizidisha mwendo mara mbili, nguvu ya pigo lake haiwi mara mbili, huwa mara nne. Mfupa wa mtu haukuumbwa kupokea pigo la namna hiyo. Tena moshi wa ingini huingia kifuani mwa anayepumua kwa nguvu. Njia isiyo na motokari humwondolea mtu hatari hizo mbili pamoja. Kwa sababu hiyo, katika njia ile ya Whitstable utaona mtoto anayejifunza, na mama mzee, na baba aliyechoka na kazi. Hawana ushujaa kuliko sisi, ila hofu imeondolewa mbele yao.

Na sisi je?

Usiseme, "Hayo ni mambo ya Ulaya." Kinga tunazo, nazo hubeba mihogo, ndizi, mkaa, hata wagonjwa. Vijia navyo tunavyo, kati ya mashamba na kando ya mito, ambavyo motokari haziwezi kupita. Tunachokosa mara nyingi ni mapatano. Wenyeji wa kule hawakuanza na utajiri. Walianza kwa kukutana na kuulizana, "Watoto wetu wanapita wapi?"

Basi, ulizaneni ninyi pia. Je, kiko kijia cha kufika shuleni au sokoni bila kupita barabara kubwa? Kifyekeni pamoja, jazeni mashimo yake, imarisheni daraja lake la miti. Kazi ya siku moja ya watu wengi inaweza kumwokoa mtoto mmoja asivunjike mguu, au asife.

Wewe mwenye kinga, shika maneno haya:

1. Jaribu breki zote mbili kabla ya kupanda. Breki ya mguu wako ardhini si breki.
2. Usiku uwe na taa mbele na kitu chekundu kinachong'aa nyuma.
3. Mwenye miguu ana haki ya kwanza. Piga kengele mapema, punguza mwendo, mshukuru.
4. Funika kichwa chako kwa kofia ngumu kama unayo. Mfupa wa mkono huunga, lakini ubongo haushonwi.
5. Chukua maji safi, unywe kabla kiu haijakuzidi.
6. Usipite kamwe juu ya reli ambayo treni bado inaitumia.
7. Kama unaumwa kifua, au unazimia, au hujajongeza mwili miaka mingi, mwulize munganga kwanza. Ukitumia dawa za sukari, weka chakula kidogo mfukoni. Anza na dakika kumi, uongeze polepole.

Na wewe unayengoja kwenye benchi, utakapoingia ndani usiulize tu, "Nimeze vidonge vingapi?" Uliza pia, "Nijongeze mwili wangu kwa kiasi gani?" Kisha ukirudi nyumbani, tafuta njia yako. Hata ikiwa ni kijia cha kutoka mlango wako mpaka kisimani, kama hakina motokari, kimekwisha kuwa mwanzo mwema.