Kutu, Kufumua na Msasa: Maneno ya Kulirejesha Gari Kongwe

Neno moja laweza kuamua hatima ya gari lililokaa miaka mingi chini ya mwembe. Likiitwa chuma chakavu, mnunuzi wa skrepa huja na mizani yake akalipima kwa kilo. Likiitwa mkweche, hubaki palepale likichekwa na wapita njia. Likiitwa gari kongwe, huenda mwenyewe akatandika turubai uani, akatafuta spana na mafuta ya taa, akaanza kazi itakayomchukua miezi, pengine miaka. Gari ni lilelile katika hali zote tatu. Kilichobadilika ni neno.

Kazi ya kulirejesha gari la namna hiyo nyumbani ina msamiati mpana katika Kiswahili, ila sehemu kubwa ya msamiati huo imo gereji na haimo vitabuni. Mfasiri anayepewa mwongozo wa kazi hiyo hukimbilia vitenzi viwili vitatu vya jumla: kutengeneza, kurekebisha, kukarabati. Matokeo yake ni maagizo yasiyoeleza mkono ufanye nini. Na katika kazi hii, mkono ukifanya sicho, chesisi hukatika barabarani.

Vivumishi kwanza. Kuukuu huashiria uchakavu uliotokana na kutumika: nguo kuukuu, gari kuukuu, magari makuukuu. Chakavu huenda hatua moja mbele, kwamba kitu hakifai tena kwa kazi yake. Kongwe hubeba umri pamoja na heshima, kama tunavyosema mwanasiasa mkongwe au mji mkongwe. Kwa hiyo gari laweza kuwa kongwe bila kuwa kuukuu, iwapo limetunzwa vizuri. Na gari la miaka sita lililoteswa katika njia za mawe laweza kuwa kuukuu bila kuwa kongwe. Zee, kwa asili, ni la viumbe hai. Gari zee husikika katika mazungumzo na halina ubaya, lakini katika maandishi rasmi kongwe hufaa zaidi. Mkweche hauna nafasi katika hati ya mauziano, hata kama muuzaji na mnunuzi wote wanajua kuwa ndio ukweli.

Vitenzi vya kazi yenyewe navyo vina mipaka. Kukarabati ni kutengeneza palipoharibika ili kitu kitumike tena. Mtu anayebadilisha injini ya zamani kwa injini ya gari jingine la kisasa amekarabati. Kufufua hutumika gari linapowaka tena baada ya kulala muda mrefu, na yote hayo yawezekana mlango ukiwa bado na tundu la kupitisha ngumi. Kurejesha katika hali ya awali ni maneno marefu, lakini ndiyo pekee yanayobeba ahadi kamili: rangi ya awali, vipuri vya aina ileile, umbo lilelile lililotoka kiwandani. Kuhuisha, ambako baadhi ya wafasiri hukupendelea kwa ufupi wake, kumezoeleka zaidi kwa taarifa, mikataba na programu za kompyuta. Gari lililohuishwa huleta picha ya ajabu kidogo.

Lakini adui wa kazi yote ni kutu, na hapo ndipo Kiswahili kinapoonyesha utajiri wake.

Kutu huhitaji chuma, maji na oksijeni. Chumvi huongeza kasi yake, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme mdogo unaosukuma mabadiliko hayo kwa wepesi zaidi kuliko maji matupu. Ndiyo maana gari lililokaa Tanga, Mombasa au Unguja, penye upepo wa bahari, huharibika upesi kuliko lililokaa Dodoma. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Inapoanza kati ya mabati mawili yaliyoungwa, huyasukuma yakaachana, maji yakapata njia zaidi, na uharibifu ukaendelea mahali ambapo jicho halifiki.

Tazama sasa jinsi sarufi inavyofuata hatua hizo. Mwanzoni husemwa chuma kimeshika kutu au kimepata kutu. Mtenda wa kisarufi ni chuma. Kutu ni kitu kilichoshikwa, kiko juu, chaweza kuachwa. Kisha chuma kimeota kutu: sasa kutu ina mizizi kama mmea. Rangi hutoa malengelenge, na yakipasuliwa kwa bisibisi huonekana magamba ya hudhurungi. Hatimaye kutu imekula chuma, au chuma kimeliwa na kutu. Mtenda amegeuka. Kutu ndiyo inayofanya kazi, na chuma kimekuwa chakula. Haidaiwi kwamba kila mzungumzaji hupanga vitenzi hivi kwa utaratibu huo, wengi huvibadilishana. Hata hivyo mfasiri anayehitaji kutofautisha kutu ya juujuu na kutu iliyotoboa ana vifaa tayari, wala hana haja ya kubuni. «Kama chuma kimeshika kutu tu, piga msasa, kama kimeliwa, kata.» Sentensi hiyo humtosha fundi yeyote.

Jambo moja la tahadhari: kutu ni ya chuma. Land Rover, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, ilivikwa bodi ya aloi ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, lakini chesisi yake ilikuwa ya chuma. Wengi wanaoinunua Land Rover ya zamani hudanganywa na bodi hiyo: huiona haina hata doa la kutu, kumbe mhimili ulio chini umekwisha. Kikulacho ki nguoni mwako. Isitoshe, alumini inapogusana na chuma penye unyevu, alumini yenyewe huanza kulika na kutoa ungaunga mweupe. Kuuita ungaunga huo kutu ni kupotosha. Kwa jambo hili, neno ulikaji, lililotokana na la na lika, linafaa kwa metali zote, na kutu ibaki kuwa ulikaji wa chuma.

Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963 na tena miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966, ni habari nyingine. Haina chesisi iliyo peke yake. Bodi yenyewe ndiyo kiunzi. Kwa gari kama hilo, kingo za chini ya milango si pambo. Akizikata mtu bila kwanza kuegemeza bodi na kuifunga vyuma vya kuizuia isijipinde, gari hulegea katikati, na milango haitafungika tena. Mwongozo unaotaja chesisi ya Peugeot 404 umemtuma msomaji atafute kitu kisichokuwepo.

Kabla ya kukata chochote gari hufumuliwa, na hapa mwalimu wa sarufi apata somo zima la kauli ya kutendua. Waya huchomekwa na kuchomolewa. Taa hupachikwa na kupachuliwa. Raba hubandikwa na kubanduliwa, mrija ulioziba huzibuliwa, vipuri vilivyopangwa hupanguliwa. Uani pa mtu anayefumua gari, kiambishi -u- hufanya kazi kutwa. Lakini mwanafunzi asiyeambiwa mipaka yake atasema nati *imekazuliwa, umbo ambalo halipo: kinyume cha kukaza ni kulegeza. Na nati iliyoganda kwa kutu hailegezwi kwa nguvu tu. Hulowekwa mafuta usiku kucha, hupigwapigwa kwa nyundo, hutiwa moto; ikishindikana, hukatwa.

Fumua yenyewe ina kisa chake. Kwa asili ni kinyume cha fuma: kufumua nguo, kufumua nywele. Fundi hufumua injini ikawa vipande mezani, bastola huku, ringi kule, lakini wakati wa kuirudisha haifumi. Huifunga. Na funga katika gereji ina maana nyingi kiasi cha kumtega mfasiri. «Funga breki kabla ya kuinua gari kwa jeki» ni kuzuia magurudumu yasizunguke. «Funga breki mpya» ni kuweka vipuri. «Funga gari» ni kutia ufunguo mlangoni. Maana ya pili ikichukuliwa mahali pa ile ya kwanza, gari litateleza kutoka kwenye jeki wakati mtu yuko chini yake. Katika maandishi ya maagizo ni salama zaidi kuandika vuta breki ya mkono kwa maana ya kwanza na weka breki mpya kwa ile ya pili.

Husemwa pia kushusha injini, ingawa katika magari mengi ya zamani injini hunyanyuliwa kwa mnyororo ikatokea juu, palipokuwa boneti. Lugha imetazama mwisho wa safari, yaani injini ikiwa imetua chini, na kurudi kwake ni kupandishwa. Hakuna haja ya kusahihisha.

Sasa kukata na kuunga. Palipoliwa na kutu hukatwa mpaka kwenye chuma kizima, na neno zima hapa ni barabara kabisa: lina uzima na ukamilifu kwa pamoja. Kisha kiraka cha bati la unene ule ule hukatwa, hukunjwa kufuata umbo, na huchomelewa. Choma, chomea, chomelea: kitenzi kimekua kwa kuongezewa viambishi hadi kikafikia maana ya kuunganisha kwa moto, ambapo vyuma vyote viwili huyeyuka pale vinapokutana. Lehemu, lenye asili ya Kiarabu, limezoeleka kutumiwa kwa kazi hiyo na pia kwa kazi nyingine ya kuunga kwa risasi na bati lililoyeyushwa, mfano waya za umeme au radieta. Mwandishi wa mwongozo angefanya vyema kuzitenga: kuchomelea kwa bodi na chesisi, kulehemu kwa waya. Atakayeilehemu chesisi kwa maana hiyo ya pili amejitengenezea ajali. Kabla ya kuchomelea, waya za betri huchomolewa na tangi la petroli huondolewa garini. Agizo hilo lisiachwe katika tafsiri hata kama linaonekana dogo.

Kuziba ndilo neno linaloficha maovu mengi. Tundu lililozibwa kwa puti, likapigwa msasa na kupakwa rangi, hupendeza kama pasipowahi kutoboka. Puti ina mahali pake: kusawazisha kijibonde juu ya chuma kizima, baada ya fundi wa kunyoosha bodi kumaliza na nyundo yake. Si kiungo na haibebi uzito. Tafsiri inayosema «ziba matundu yote ya kutu kisha paka rangi» ni fasaha, haina kosa la sarufi, na imeelekeza springi za gari zishikiliwe na unga mgumu. Kinachotakiwa ni «kata, chomelea kiraka, kisha sawazisha». Vitenzi vitatu mahali pa kimoja, na wala si ziada.

Msasa ulikuwa mti kabla ya kuwa karatasi. Majani yake hukwaruza kama tupa, na maseremala waliyatumia kulainisha mbao. Karatasi ya dukani ilipofika ilipewa jina la mti kwa kuwa kazi ilikuwa ileile. Namba iliyoandikwa nyuma huenda kinyume na wanavyotarajia wageni wa kazi: msasa namba 80 ni mkali, namba 400 ni laini. Magazeti nayo hupenda kuandika kuwa walimu au makocha wamepigwa msasa, yaani wameongezewa ujuzi. Fundi angetabasamu, maana kwake msasa hauongezi kitu, huondoa.

Kutu iliyobaki ndani ya vinyweleo vya chuma, ambako msasa haufiki, huweza kupakwa asidi ya fosfori, ambayo huigeuza kuwa fosfati, tabaka gumu lisiloendelea kula. Kiswahili kina kivumishi babuzi kwa kemikali za namna hii, na glavu ni lazima. Baada yake huja rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe. Kupaka ni kwa brashi, kupuliza ni kwa bomba la hewa, na kupiga rangi hujumuisha yote. Agizo linalodai uso laini usio na michirizi liseme puliza.

Hatua ya mwisho haionekani: kuingiza mafuta mazito au nta ndani ya chesisi na milango, mahali ambapo brashi haifiki. Ni agizo ambalo wafasiri hulipa kitenzi chochote kilicho karibu, kumimina, kutia, kuweka. Mabaharia wa pwani walikuwa na kupaka sifa, mafuta ya papa yaliyopakwa mbao za jahazi zisiharibiwe na maji. Nta ya gari si sifa, na neno hilo halipaswi kuhamishwa. Lakini kitenzi paka, chenye wazo la kuenea juu ya uso wote, ndicho kinachohitajika. «Puliza nta ndani ya chesisi mpaka ienee na kupaka kuta zote» humweleza mtu aliye chini ya Land Rover yake kwamba vijiko viwili vilivyomiminwa kwenye tundu moja havitoshi.