Maana ya Pasaka kwa Asiyeamini: Uchunguzi wa Maneno Machache

Katika miji ya pwani na ya bara, Waislamu, Wakristo na wafuasi wa dini za jadi hukaa mtaa mmoja, hupelekeana chakula cha sikukuu, na huzikana. Hata hivyo, mtu asiye Mkristo akiuliza maana ya Pasaka, aghalabu hujibiwa kwa sentensi moja: ni sikukuu ya kufufuka kwa Yesu Kristo. Jibu hilo ni sahihi, lakini halielezi. Muulizaji hubaki na swali lake, nalo limezidi uzito: kufufuka kwa mtu mmoja, yapata miaka elfu mbili iliyopita, kunamhusu nini mtu wa leo?

Ugumu huu hautokani na uchache wa maneno. Kiswahili kina maneno ya kutosha. Lakini mengi kati ya hayo yalikuwa na wenyewe kabla ya kuingia kanisani, na kila moja huja na maana yake ya kwanza. Makala haya yanakusudia kuyachungua machache, ili ionekane ni wapi neno humsaidia msikilizaji asiyeamini, na ni wapi humpoteza.

Neno Pasaka lenyewe ni geni, na ugeni wake una faida, kwa sababu halikumkuta msikilizaji na maana nyingine. Asili yake ni neno la Kiebrania pesah, lililopita katika Kigiriki na Kilatini kwa umbo la pascha. Kwa Wayahudi ni sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Kitabu cha Kutoka chasimulia kwamba kila nyumba ya Waisraeli ilichinja mwana-kondoo, damu yake ikapakwa katika miimo na kizingiti cha juu cha mlango, na mauti yaliyowapata wazaliwa wa kwanza wa Misri yakaipita nyumba hiyo. Injili zasema kwamba Yesu aliuawa Yerusalemu wakati wa sikukuu hiyo. Kwa hiyo Wakristo wa kwanza, ambao walikuwa Wayahudi, hawakubuni jina jipya. Waliiona habari ya bwana wao ndani ya habari ya zamani, na jina likabaki lile lile. Asiyejua habari ya Misri hawezi kufahamu kwa nini Kristo huitwa Mwana-kondoo.

Tarehe ya sikukuu nayo yashuhudia asili hiyo, kwani hufuata mwezi. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 uliamua kwamba makanisa yote yaadhimishe Pasaka siku moja. Kanuni iliyokuja kukubaliwa ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, kwa hesabu ya kanisa. Katika kalenda itumikayo kwa kawaida, Pasaka ya makanisa ya Magharibi huwa kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Waorthodoksi walio wengi huifuata kalenda ya kale katika hesabu hiyo, na ndiyo maana siku zao mara nyingi hutofautiana na za wengine.

Katika hesabu ya saa na siku, Kiswahili kina jambo la kushangaza. Injili ya Marko yasema kwamba Yesu alisulibiwa saa tatu, giza likaingia saa sita, na kwamba alikufa saa tisa. Msomaji wa Kiingereza hana budi kuzigeuza saa hizo kabla ya kuzifahamu. Mswahili huzisikia kama zilivyo, maana yeye pia huanza kuhesabu saa za mchana tangu macheo. Kadhalika, maiti ilizikwa kwa haraka siku ya Ijumaa kabla jua halijachwa, kwa kuwa Sabato ilianza magharibi. Jambo hilo halimtatizi mtu wa pwani, ambaye kwa desturi yake ya zamani usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa.

Lakini katika majina ya siku, lugha hiyo hiyo yatega mtego. Injili zasema kwamba kaburi lilikutwa tupu siku ya kwanza ya juma. Kwa Wayahudi, siku ya kwanza ndiyo inayofuata Sabato. Kwa Waswahili, hesabu huanza baada ya Ijumaa: Jumamosi ni siku ya mosi, na Jumapili ni ya pili. Basi afuataye majina ataiweka habari hiyo Jumamosi, siku ambayo kwa Injili mwili ulikuwa ungali kaburini. Hapa mwalimu hana budi kueleza kwamba siku inayokusudiwa ni Jumapili, na kwamba maneno "siku ya tatu" huhesabu Ijumaa, Jumamosi na Jumapili zote pamoja.

Jina la Ijumaa Kuu nalo huzua swali. Wengi huuliza, iwaje kuu siku ambayo mtu aliuawa? Neno sikukuu limetuzoeza kudhani kwamba kuu ni furaha. Lakini kuu ni uzito wa jambo, kama tusemavyo jambo kuu au njia kuu. Wakristo huiita hivyo kwa sababu waona kwamba kifo kile kilikuwa na kazi. Ili kuitaja kazi hiyo, wamechukua maneno ya sokoni na ya sheria, hasa kukomboa na fidia.

Kukomboa ni kurudisha kilicho chako kwa malipo: mtu hukomboa rehani, na zamani alikombolewa mtumwa. Pwani neno hilo halikuwa mfano mtupu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na tarehe 25 Desemba mwaka huo huo likawekwa mahali pale, Mkunazini, jiwe la msingi la kanisa. Wasikilizaji wa kwanza wa mahubiri ya ukombozi walijua mnyororo ni kitu gani. Lakini neno hili hudai swali la pili: aliyelipwa ni nani? Wakristo wenyewe hawakuwa na jibu moja. Baadhi ya walimu wa karne za mwanzo walisema kwamba malipo yalimwendea Shetani, aliyewashika wanadamu. Anselm wa Canterbury, katika kitabu chake Cur Deus Homo alichokimaliza mwaka 1098, aliikataa rai hiyo, akasema kwamba dhambi huvunja heshima ya Mungu, na ni heshima hiyo iliyotimiziwa haki yake. Ni vema mweleza asilifiche jambo hili. Neno laeleza kuachwa huru, lakini halimalizi mjadala.

Fidia Mwislamu huijua katika sheria ya saumu: mzee asiyeweza kufunga hulisha maskini kwa kila siku iliyompita. Kitu hutolewa badala ya kitu. Mkristo alitumia neno hilo hilo kwa mtu aliyejitoa badala ya watu. Neno kafara, kwa upande wake, lataka hadhari zaidi. Katika desturi za Waswahili, kafara ni kitu kitolewacho ili kuondoa balaa, kisha hutupwa njia panda. Chenyewe hakina hiari. Wakristo husisitiza kwamba Kristo alikwenda kwa hiari yake, na kwamba aliyemtoa ni Mungu, si watu waliotaka kumlainisha Mungu. Asiyesikia tofauti hiyo ataiona Ijumaa Kuu kuwa dhuluma tu.

Sasa lafuata neno lililo kiini cha sikukuu, kufufuka. Kwanza lazima litengwe na kuzinduka. Aliyezimia akazinduka hakufa. Mkristo asema kwamba Yesu alikufa na kuzikwa. Pili, litengwe na kurudi katika maisha ya kwanza. Lazaro, kwa habari ya Injili ya Yohana, alitoka kaburini naye akabaki mtu wa kufa. Lakini Kristo, wanasema, hafi tena. Kigiriki cha Agano Jipya hutumia hapa vitenzi viwili vya kila siku, kimoja cha kuamsha na kimoja cha kusimama. Kiswahili kimechagua kitenzi cha wafu peke yao, kikapata uwazi na kupoteza mfano wa usingizi. Tena Kigiriki mara nyingi hutumia kauli ya kutendwa, yaani alifufuliwa, Mungu akiwa mtendaji, mahali ambapo Kiswahili husema alifufuka. Tofauti ni ndogo kwa sarufi, si ndogo kwa maana: tendo hilo lilikuwa pia hukumu ya Mungu juu ya hukumu ya watu waliomuua.

Hapa ndipo neno la jirani huweza kutoa msaada mkubwa. Kiyama, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kusimama, kuinuka. Waarabu Wakristo huiita Pasaka Idi ya Kiyama, na kanisa la kaburi la Kristo mjini Yerusalemu huliita Kanisa la Kiyama. Katika Kiswahili neno hilo limebaki kwa siku ya mwisho na vitisho vyake. Lakini Mwislamu na Mkristo wote wawili hungoja siku ambayo Mungu atawafufua wafu wote. Wanapoachana ni katika wakati: Mkristo asema kwamba lile linalongojewa na wote mwishoni limekwisha kuanza kwa mmoja.

Paulo, alipowaandikia Wakorintho yapata mwaka 55, alimwita Kristo kwa neno ambalo tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952 imelipa jina zuri la limbuko. Mkulima hahitaji maelezo. Limbuko si shamba zima, wala si mmea wa namna nyingine. Ni zao la kwanza la shamba lile lile, nalo ni dalili kwamba mengine yaja. Katika neno hili moja, swali la muulizaji lapata jibu: Wakristo hawasherehekei kunusurika kwa mtu mmoja, bali huona kwamba mavuno yao wenyewe yameanza. Paulo huyo huyo alikiri kwamba kama Kristo hakufufuka, imani yao ni bure.

Maelezo haya hayaondoi hitilafu. Kurani, katika Sura ya Nne, yakanusha kwamba Isa aliuawa au alisulibiwa. Na asiyefuata dini yoyote huweza kusema kwamba wafu hawafufuki. Hitilafu hizo si za maneno, wala hakuna kamusi itakayozimaliza. Lakini kuna hitilafu nyingine itokanayo na kusikia kafara mahali pa kujitoa, kuzinduka mahali pa kufufuka, na Jumamosi mahali pa Jumapili. Hiyo ni kazi ya wanalugha. Mtu akikataa jambo baada ya kulifahamu, amemheshimu jirani yake. Akilikataa kwa kuwa neno limempoteza, wote wawili wamenyimwa haki yao.