Goma: Mnunuzi hupatikana haraka, sahihi ndizo huchelewesha uuzaji wa nyumba

Ukipita katika mitaa ya Goma, kuanzia Himbi hadi Ndosho, utasoma kwenye kuta na milango ya mabati maandishi ya rangi nyekundu: « Parcelle non à vendre », ao kwa Kiswahili, « Nyumba hii haiuzwi ». Maandishi ya « inauzwa » ni machache. Mgeni anaweza kufikiri kwamba hapa hakuna mtu anayeuza. Ni kinyume. Nyumba zinauzwa, lakini kwa mdomo, kupitia makomisionere. Anayeandika ukutani ni yule anayeogopa kwamba ndugu, baba mdogo ao mtu asiyemjua kabisa ataiuza nyumba yake akiwa safarini.

Woga huo unasaidia kujibu swali ambalo familia nyingi zinajiuliza shida inapobisha hodi, iwe ni deni la hospitali, masomo ya watoto ao lazima ya kuhama: nyumba inachukua muda gani kuuzwa? Wengi wanahesabu siku za kumtafuta mnunuzi. Kumbe hiyo ndiyo sehemu fupi. Muda mrefu unaliwa na karatasi, na zaidi ya karatasi, na watu wanaopaswa kutia sahihi.

Kazi huanza kwa komisionere. Anapewa bei, anaipeleka kwa wenzake, picha zinazunguka kwenye WhatsApp, na kabla ya juma kuisha watu wanaanza kuja kuangalia. Tatizo ni pale nyumba moja inapoangukia mikononi mwa makomisionere watano, na kila mmoja anaongeza chake juu. Mnunuzi anasikia bei tatu za nyumba moja, anaanza kuwa na mashaka. Na nyumba iliyozungushwa miezi mingi inaharibikiwa jina. Watu wanauliza ina nini. Anayetaka kuuza haraka, afadhali ampe kazi komisionere mmoja ao wawili, na wapatane mapema juu ya bei ya mwisho na asilimia yao.

Mnunuzi wa Goma ana maswali yake ya pekee. Anaangalia nyufa, kwa sababu matetemeko yaliyofuata mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 yalipasua kuta nyingi, na viongozi waliamuru wakaaji wa kartie 10 kati ya 18 za mji wahame. Anauliza pia lava ya mwaka 2002 ilipita wapi. Mwenye nyumba anayeficha ufa kwa rangi mpya anajipotezea siku tu. Fundi wa mnunuzi atauona.

Baada ya kupatana bei, ndipo safari yenyewe inaanza.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba udongo ni mali ya Leta peke yake. Tunachouziana ni nyumba iliyojengwa juu yake, pamoja na haki ya kutumia kiwanja. Haki hiyo inathibitishwa na sertifika ya usajili, inayotolewa na konservatere wa hati za ardhi. Kama muuzaji anayo kwa jina lake mwenyewe, njia inajulikana: mkataba unapita kwa notere, malipo ya Leta yanalipwa, konservatere anafuta sertifika ya zamani na kutoa mpya kwa jina la mnunuzi. Inaweza kwenda polepole, lakini ina mwisho.

Shida ni kwamba nyumba nyingi hazina sertifika. Zina fishi parselere, ao karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi mbele ya shefu wa kartie na mashahidi. Mara nyingine karatasi hiyo ina jina la mtu aliyemuuzia yule aliyemuuzia muuzaji wa leo. Hapo mnunuzi mwangalifu anarudi nyuma hatua kwa hatua. Anamtafuta mwenye jina, anawauliza majirani wa pande zote juu ya mipaka. Mmoja akiwa amekufa ao amekimbilia Uganda, majuma yanageuka miezi.

Tangu M23 ichukue Goma mwishoni mwa Januari 2025, swali lingine limeongezeka: sahihi ya ofisi ya leo itatambuliwa na utawala wa kesho? Mwenye pesa anayeamua kungoja kwanza, mimi siwezi kumlaumu.

Lakini hakuna kinachochelewesha kama familia. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mume na mke wakubaliane kabla ya kuuza nyumba, hata kama ni mali ya mmoja wao peke yake. Mwanaume anayekuja kuuza bila mke wake, akisema mama yuko kijijini, anamfukuza mnunuzi mwenye akili.

Mambo yanakuwa magumu zaidi mwenye nyumba akiwa amefariki. Tuseme mama mjane amebaki na nyumba na watoto watano: wawili wako Goma, mmoja Kinshasa, mwingine Canada, na wa tano alizaliwa na mama mwingine lakini baba alimtambua akiwa hai. Kisheria, watoto hao wote ni warithi wa kundi la kwanza, yule wa nje pamoja nao. Mjane yuko katika kundi la pili, pamoja na wazazi na ndugu za marehemu, lakini ana haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyokaa na mume wake. Kwa hiyo mtoto mkubwa hawezi kuiuza peke yake, na baba mdogo pia hawezi. Aliye Canada atume prokirasi iliyothibitishwa. Yule wa nje, ambaye pengine hakualikwa hata kwenye matanga, lazima atafutwe.

Ni hapo familia zinataka kukata njia. Wanatia sahihi waliopo, pesa zinagawanywa, na mwaka mmoja baadaye aliyesahauliwa anafika na avoka. Mnunuzi anajikuta tribinali, na muuzaji anaweza kushitakiwa kwa stelionati, yaani kuuza nyumba isiyo yake, kosa linaloweza kumpeleka gerezani. Mikutano mitatu ya familia kabla ya kumwita komisionere inaokoa muda kuliko mbio zozote.

Halafu kuna pesa zenyewe. Nyumba zinauzwa kwa dola, na mabenki ya Goma yalifunga milango vita vilipoingia mjini. Wenye akaunti walianza kuvuka mpaka hadi Gisenyi kutafuta pesa zao, ao kuzitoa kidogo kidogo kwenye simu na kulipia kila mara. Noti zinahesabiwa mezani, moja baada ya nyingine, na iliyopasuka hata kidogo inarudishwa. Kulipa kwa awamu kunasaidia, ikiwa kila awamu imeandikwa na mashahidi wametia sahihi. Funguo zisitoke kabla ya awamu ya mwisho.

Hata hapo, mnunuzi anaweza asiingie mara moja. Kama nyumba ilikuwa na mpangaji, kuna garanti aliyoitoa, na muuzaji mara nyingi ameshaila zamani. Asipoirudisha, mpangaji anabaki ndani bila kulipa mpaka garanti iishe. Mnunuzi ambaye hakuuliza jambo hilo siku ya mkataba anakuja na mizigo yake, anakuta nguo za watu wengine zimeanikwa uani.