Je, Wajua? Chaplin na Hawara wa Tajiri

Je, wajua kwamba Charlie Chaplin, bingwa wa vichekesho, mwaka 1923 alitengeneza filamu ya huzuni kuhusu binti wa kijijini anayeishia kuwa hawara wa tajiri wa Paris? Inaitwa *A Woman of Paris*. Haikutegemea studio kubwa: ilisambazwa na United Artists, kampuni ambayo Chaplin na wenzake watatu waliianzisha mwaka 1919 ili wajitawale.

Binti huyo, Marie, aliigizwa na Edna Purviance, na tajiri Pierre na Adolphe Menjou. Uzuri wa filamu hii uko katika yale yasiyosemwa. Pierre anapofika kwa Marie, anafungua droo na kujichukulia leso yake. Hakuna haja ya kuelezwa kwamba hapo ni kwake pia. Baadaye Jean, mchumba wa zamani, anaona kola ya kiume ikidondoka kutoka kwenye droo ya Marie. Maskini, anaelewa yote papo hapo! Hata treni ya kwenda Paris hatuioni. Tunaona tu mianga ya madirisha yake ikipita usoni pa Marie, na inatosha kabisa.

Chaplin mwenyewe anatokea kwa muda mfupi sana, akiwa mpagazi wa stesheni. Wahakiki waliisifu, lakini watazamaji waliozoea kumcheka hawakuipokea vizuri. Mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 87, aliitungia muziki mpya, na hiyo ndiyo kazi ya mwisho aliyoikamilisha.