Kutu Chini ya Mzigo: Ukarabati wa Sakafu ya Buti

Katika karne ya 19, Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Njia moja ilikwenda Ujiji, nyingine ilielekea kaskazini kwenye nchi za Ziwa Viktoria, na wapagazi wa Kinyamwezi walisifika kwa kubeba mizigo mizito mwendo wa miezi mingi. Leo barabara ya lami itokayo Tabora hupita Puge kuelekea Nzega, na mzigo umehama kutoka begani hadi kwenye buti la gari. Lakini, ndugu msomaji, ni wangapi kati yetu wanaoinua zulia la buti wakatazama kilichopo chini yake?

Tuchukue mfano wa Peugeot 504, gari ambalo wazee wetu wengi walilionea fahari. Lilianza kuuzwa mwaka 1968, na likashinda mashindano ya Safari mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Gari la namna hiyo likitunzwa linaweza bado kuifikisha familia kijijini na kuirejesha. Hata hivyo, si mashimo ya barabarani tu yanayolimaliza. Adui mwingine hula kimya kimya, naye ni kutu.

MAJI, TOPE NA CHUMVI

Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na hewa. Mvua za Tabora, zinazonyesha kati ya Novemba na Aprili, huingia ndani ya buti kupitia raba ya mfuniko iliyokauka au kandokando ya taa za nyuma. Vumbi la kiangazi lililojaa pembeni hugeuka tope, na tope hilo hushika unyevu siku nyingi baada ya jua kuwaka.

Chumvi huharakisha maangamizi hayo. Chumvi ya Uvinza imekuwa bidhaa ya nchi hizi tangu enzi za misafara, na gunia lake likivuja ndani ya buti huacha unga unaovuta unyevu. Kadhalika, gari lililokaa miaka mingi Tanga au Dar es Salaam huja bara likiwa tayari limelambwa na hewa ya bahari.

HATARI YA MOSHI

Wengi hudhani kwamba tundu la buti ni hasara ya mzigo tu: mchele utamwagika au nguo zitalowa. Kuna hatari kubwa zaidi. Bomba la moshi hutokea nyuma, na gari linapokwenda mbio, hewa iliyo nyuma yake huzunguka na kuuvuta moshi kuelekea garini. Sakafu yenye matundu huupa moshi huo mlango.

Ndani ya moshi huo mna hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu na kuizuia kuchukua oksijeni. Abiria huumwa kichwa, husikia kichefuchefu na kulemewa na usingizi. Mama akimwona mtoto amelala kiti cha nyuma hudhani ni uchovu wa safari. Watu wakianza kuona dalili hizo, gari lisimamishwe mara moja, wote watoke kwenye hewa safi, na mgonjwa apelekwe kwa mganga.

KAZI YA FUNDI

Kwanza toa kila kitu: mzigo, tairi la akiba na zulia. Usiku, mtu mmoja amulike tochi chini ya gari, mwingine atazame ndani ya buti. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Kisha bonyeza sakafu yote kwa bisibisi. Pale inapozama, chuma kimekwisha hata kama rangi bado inang'aa.

Kabla ya kuchomelea, nyaya za betri zifunguliwe na tangi la petroli liondolewe, likawekwe mbali na moto. Asikudanganye mtu kwamba tangi tupu ni salama. Mvuke uliobaki ndani yake hulipuka upesi. Ndoo za mchanga ziwe karibu, na watoto wawe mbali.

Fundi akate sehemu iliyooza mpaka afikie chuma kizima, kisha apime kiraka kwa karatasi ngumu kabla ya kukata bati. Bati la sakafu ya gari huwa na unene wa kama milimita 0.8 hadi 1. Bati la kuezekea la geji 30 halifikii hata nusu ya unene huo. Tena zinki yake ikiungua hutoa moshi unaomletea fundi homa. Kiraka kichomelewe kwa vidoa vifupi, upande huu na upande ule kwa zamu, ili bati lisipinde. Mwishoni kifuate kizibo cha maungio, rangi ya kwanza na rangi ya kumalizia, juu na chini.

Kutu ikiwa imefika kwenye boriti za chini au mahali panapobeba springi, hiyo si kazi ya kiraka tena. Hapo atafutwe fundi bingwa kabla gari halijabeba watu.

RAHISI IWAYO GHALI

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa gari hauzibwi kwa kupaka plasta na rangi juu ya kutu. Kutu iliyofunikwa huendelea kula gizani, na mwenye gari hulipa mara mbili. Tunajua mshahara una madai mengi, na plasta ni rahisi. Basi tuanze na yasiyo na gharama kubwa: kubadili raba ya mfuniko, kuzibua vitundu vya kutolea maji, kuosha tope na chumvi, na kuliacha buti wazi juani baada ya mvua.

Jumapili hii, kabla ya kupakia mzigo wa safari, inua zulia. Dakika tano za kutazama zinaweza kuwalinda wanaolala kiti cha nyuma.